Jedwali, kanuni au nakala? Njia tatu za kuandika majaribio ya programu bila kuchoka

Mwisho wa mwaka kikundi cha akiba hufungua sanduku. Mnajua inavyokuwa: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, daftari katikati, na kila mwanachama amekaa akisubiri kusikia hisa zake zimezaa kiasi gani. Niliwahi kukiandikia kikundi kimoja programu ndogo ya kukokotoa mgao huo. Niliiandikia majaribio sita, yaani vipande vidogo vya msimbo vinavyohakiki kama programu inatoa jibu sahihi, yote yakapita. Siku ya mgao mweka hazina, mama mtu mzima aliyefunga hesabu kwa kalamu miaka mingi kabla sijafika, alijumlisha karatasi niliyochapa, akarudia, kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu, hapa pamezidi shilingi tatu. Hizi tunazitoa wapi?"

Shilingi tatu hazimtajirishi mtu. Lakini hesabu isiyofunga mbele ya watu thelathini ni hesabu isiyoaminika, na siku ile tuligawa upya kwa mkono, jina kwa jina, hadi jua likaanza kuzama. Majaribio yangu sita hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa machache tu, kwa sababu kuyaandika kunachosha: ubuni mfano, ukokotoe jibu kwa mkono, uandike, urudie. Kufikia la sita nilikuwa nimeshajiambia inatosha.

Tangu hapo nimetumia kwa dhati njia tatu za kupunguza uchovu huo, na wenzangu huniuliza kila mara washike ipi. Jibu langu hutegemea jambo moja. Hakuna njia inayoondoa kazi yote; kila moja inakuondolea mzigo mmoja na kukuachia mwingine. Jedwali linakuachia kubuni mifano, kanuni zinakuachia kufikiri, nakala inakuachia kusoma. Chagua mzigo ambao una hakika utaubeba hata Ijumaa jioni.

Nitatumia Python na fanksheni ileile iliyoniaibisha mbele ya sanduku:

```
def gawa(jumla, hisa):
    zote = sum(hisa)
    return [round(jumla * h / zote) for h in hisa]
```

Inapokea fedha ya kugawa na orodha ya hisa za wanachama, inarudisha mgao wa kila mmoja kwa shilingi nzima. Ukiisoma haraka, huoni tatizo.

## Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali matano yaleyale. Kuanza: unahitaji kujua nini, na jaribio la kwanza linachukua muda gani? Kutunza: programu ikibadilika, utarekebisha majaribio mangapi? Inachonasa: ni makosa ya aina gani yanakamatwa, na yapi yanapita? Inapofeli: ujumbe unakuelekeza kwenye kosa, au unakuachia fumbo? Na muda: majaribio yanachukua sekunde ngapi kwenye kompyuta ya kawaida? Hili la mwisho lina uzito, maana majaribio ya polepole watu huacha kuyaendesha.

Intaneti sijaiweka kwenye vigezo kwa sababu zote tatu haziihitaji. Ukishasakinisha maktaba zake, unafanya kazi hata bando likiisha.

## Jedwali la mifano

Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mazoea. Badala ya kuandika majaribio sita yanayofanana kama mapacha, unaandika moja na kulipatia safu za data. Hapa natumia pytest, zana ya kuendesha majaribio ya Python:

```
@pytest.mark.parametrize("jumla, hisa, tarajio", [
    (100_000, [1, 1], [50_000, 50_000]),
    (100_000, [3, 1], [75_000, 25_000]),
    (0, [5, 2], [0, 0]),
])
def test_gawa(jumla, hisa, tarajio):
    assert gawa(jumla, hisa) == tarajio
```

Kuanza. Ni dakika chache. Aliyejifunza Python mwezi uliopita ataisoma na kuielewa, na hata asiye mwandishi wa programu anaweza kukagua safu moja moja. Mwenye timu inayotumia unittest, zana nyingine ya majaribio ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001, ajue kwamba parametrize ya pytest haifanyi kazi ndani ya madarasa ya TestCase. Huko atumie subTest. Wa Java wana `@ParameterizedTest` kwenye JUnit 5, wa JavaScript wana `test.each`, na wa Go wamezoea sana majedwali haya.

Kutunza. Ukibadilisha namna fanksheni inavyoitwa, unagusa mahali pamoja badala ya sita. Utaratibu wenyewe ukibadilika, hapo kuna kazi. Tuseme kikundi kinaamua kukata asilimia 5 ya mfuko wa jamii kabla ya mgao: kila jibu la upande wa kulia linakokotolewa upya. Wakati huo kishawishi huwa kikubwa cha kuiendesha programu na kunakili ilichokitoa. Ukifanya hivyo, jedwali lako limegeuka kuwa nakala bila wewe kutangaza.

Inachonasa. Inanasa yale uliyoyawazia, hayo tu. Tazama tena safu zangu: 100,000 kwa wawili, 100,000 kwa robo. Zote zinagawanyika bila baki. Mtu anayebuni mfano wa kukokotoa kichwani huchagua namba laini, kwa kuwa ndizo rahisi, na kosa langu lilijificha palepale nilipokwepa hesabu ngumu. Hata kuongeza safu ya 200,000 kwa watu watatu kungelifichua: kila mmoja angepewa 66,667, jumla 200,001.

Inapofeli. Hapa jedwali linaongoza. pytest inakuonyesha pande zote mbili za assert (mstari unaolinganisha jibu na tarajio) na safu iliyofeli. Ukiipa kila safu jina kwa `pytest.param(..., id="hisa-sawa")`, hata mwenzako atakayeiona usiku ataelewa kabla hajafungua faili.

Muda. Ni sehemu ndogo ya sekunde.

Linamfaa anayefanya kazi yenye majibu yanayojulikana kutoka nje: viwango vya makato, madaraja ya mitihani, namna za kuandika namba ya simu. Ukiwa na `0712…`, `+255712…` na `255 712…`, na unajua zote zinapaswa kuwa namba moja, usitafute cha ziada. Andika safu zako.

## Kanuni zisizovunjika

Njia ya pili inaacha kuuliza "jibu ni ngapi?" na kuuliza "jibu lolote lile, ni jambo gani lazima liwe kweli?" Kwenye mgao, jambo la kwanza ni lile la mweka hazina: jumla ya vipande lazima iwe sawasawa na fedha iliyomo sandukuni.

Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, ndio walioipa njia hii umbo lake, walipotoa zana ya QuickCheck kwa lugha ya Haskell na kuieleza mwaka 2000. Kwenye Python tunatumia Hypothesis, iliyoanzishwa na David MacIver. Wa JavaScript na TypeScript wana fast-check, wa Java wana jqwik.

```
@given(
    jumla=st.integers(0, 10_000_000),
    hisa=st.lists(st.integers(1, 50), min_size=1, max_size=40),
)
def test_hesabu_inafunga(jumla, hisa):
    assert sum(gawa(jumla, hisa)) == jumla
```

Sijabuni mfano hata mmoja. Hypothesis yenyewe inatunga mifano, 100 kwa kila jaribio usipoiambia vingine, na inapokuta unaovunja kanuni haikuletei ule wa kwanza wenye namba ndefu. Inaupunguza, inajaribu tena, inaupunguza tena, hadi unabaki mdogo kabisa ambao bado unavunja. Kwa fanksheni yangu ilirudi na huu: jumla ni 1, hisa ni `[1, 1]`.

Shilingi moja, watu wawili. Nilikaa nikautazama. Moja kwa mbili ni 0.5, na `round` ya Python 3 ikikutana na nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani sifuri. Kila mmoja anapata sifuri, shilingi imeyeyuka. Weka jumla iwe 3: kila mmoja anastahili 1.5, inakuwa 2, na ghafla tunagawa shilingi 4 zilizotoka kwenye shilingi 3. Kosa lililotukalisha hadi jioni na daftari lilikuwa limelala pale kwenye mstari mmoja, na mfano mdogo kuliko wote uliliweka wazi.

Dawa yake ni ya zamani: mpe kila mtu sehemu nzima bila kukadiria, hesabu baki, kisha igawe shilingi moja moja kuanzia kwa waliopoteza desimali kubwa zaidi.

Kuanza. Sehemu ngumu ya njia hii ni hapa, na ndipo wengi wanapoachia. Kuandika `@given` ni rahisi. Kupata kanuni kunataka utulie. Zipo aina chache zinazonisaidia nikikwama. Kuna kisichopotea, kama jumla ya fedha. Kuna kwenda na kurudi: hifadhi rekodi kwenye faili, isome, lazima iwe ileile. Kuna kurudia kusikobadilisha: namba ya simu iliyokwisha kusafishwa, ukiisafisha tena ibaki ilivyo. Na kuna kulinganisha na njia ya polepole, pale unapokuwa na fanksheni mpya ya haraka na ya zamani unayoiamini.

Kutunza. Ni nyepesi kuliko jedwali. Kikundi kikikata asilimia 5 leo na asilimia 7 kesho, kanuni ya kwamba makato na mgao vinafunga na fedha ya sanduku haiguswi.

Inachonasa. Inanasa pembe ambazo hukuziwazia: orodha yenye mtu mmoja, sifuri, namba kubwa mno, herufi za ajabu kwenye majina. Lakini kuna mtego, na naomba usipitwe na huu. Fanksheni inayompa mwanachama wa kwanza fedha zote na wengine sifuri itaitii kanuni yangu kikamilifu. Jumla inafunga! Kanuni moja ni ulinzi mwembamba. Nililazimika kuongeza ya pili: mgao wa kila mtu usitofautiane na haki yake kamili kwa shilingi nzima au zaidi. Kanuni hizo mbili zikishikana, nafasi ya kudanganya inabaki ndogo sana. Kila nikimaliza kuandika kanuni huwa naiharibu fanksheni kwa makusudi, nione kama jaribio litapiga kelele. Likikaa kimya, kanuni haijatosha.

Inapofeli. Mfano mdogo ni zawadi, ingawa lazima ujieleze mwenyewe kwa nini umefeli, kwa kuwa hakuna jibu sahihi lililoandikwa pembeni. Na jaribio lililopita jana linaweza kufeli leo bila wewe kugusa msimbo, kwa sababu leo imetungwa mifano mingine. Wapya hushtuka. Hypothesis huhifadhi mfano uliofeli kwenye folda ya `.hypothesis` na kuanza nao mara inayofuata; mimi huupandisha pia juu ya jaribio kwa `@example`, ili ubaki hata kwa mwenzangu ambaye kompyuta yake haina folda hiyo.

Muda. Zidisha kwa mia. Kwa hesabu tupu huhisi kitu; kwa fanksheni inayogusa hifadhidata utahisi. Mfano mmoja ukizidi milisekunde 200, Hypothesis yenyewe italalamika.

Inamfaa mwenye fanksheni za hesabu, tarehe, kupanga, kubadilisha maumbo ya data, na aliye tayari kufikiri kwa nusu saa kabla ya kuandika mistari mitano.

## Nakala ya kulinganisha

Hapa hubuni mfano mwingi wala kanuni. Unaiendesha programu mara moja, unahifadhi ilichokitoa, na kuanzia hapo kila jaribio linalinganisha matokeo mapya na ile nakala, herufi kwa herufi. Jest, zana ya JavaScript iliyotoka Facebook, ndiyo iliyoueneza mtindo huu kwa wengi kuanzia mwaka 2016. Kwenye Python kuna syrupy, na ApprovalTests ipo kwa lugha nyingi.

```
def test_karatasi_ya_mgao(snapshot):
    assert chapa_karatasi(KIKUNDI_CHA_MFANO) == snapshot
```

Kuanza. Hakuna iliyo rahisi zaidi. Mstari mmoja, kisha `pytest --snapshot-update`, na karatasi nzima ya mgao yenye majina, hisa, mikopo inayokatwa na sahihi chini imeshalindwa. Kabla ya hapo ondoa vinavyobadilika vyenyewe, kama tarehe ya leo na namba za nasibu, la sivyo jaribio litafeli kila asubuhi.

Kutunza. Ni amri moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukibadilisha neno moja kwenye kichwa cha karatasi, nakala 20 zinafeli kwa pamoja, nawe unazikubali zote kwa amri moja. Mara ya kwanza unasoma tofauti zote. Mara ya kumi unapitisha macho. Mara ya thelathini unakubali tu, na kati ya hizo ishirini moja ilikuwa na kosa la kweli. Timu inayotumia njia hii inahitaji makubaliano: nakala iliyobadilika inasomwa na mtu wa pili kabla ya kuunganishwa, na nakala ziwe fupi za kusomeka. Nakala ya mistari 900 hakuna atakayeisoma.

Inachonasa. Inanasa mabadiliko yoyote, hata ambayo hukukusudia. Haijui lililo sahihi. Fanksheni yangu ya mwanzo ingehifadhiwa pamoja na shilingi zake tatu za ziada, na jaribio lingepita kila siku likizilinda.

Hata hivyo njia hii ina nguvu moja ambayo nyingine mbili hazina: karatasi nzima, kama itakavyotumika, inasomwa na asiyejua kuandika programu. Ningempelekea mama yule karatasi ya mfano wiki mbili kabla ya mgao, angekaa na kalamu yake akajumlisha, na kosa lingepatikana mezani kwake badala ya mbele ya wanachama. Nakala iliyothibitishwa na mwenye kazi ina thamani kubwa kuliko ile niliyoikubali mimi peke yangu.

Inapofeli. Unaona mistari iliyoondoka na iliyoingia. Nini kimebadilika, unaona papo hapo. Kwa nini kimebadilika, utafute.

Muda. Ni mfupi kama wa jedwali.

Inamfaa aliyerithi programu ya zamani isiyo na jaribio hata moja, na anayetoa ripoti, risiti, barua pepe au kurasa.

## Kuhusu kumwachia akili mnemba

Wengi sasa humpa msaidizi wa akili mnemba fanksheni na kumwambia aandike majaribio. Kwa jedwali, uchovu wa kuchapa unapungua kweli. Ila akisoma msimbo wenye kosa, anaweza kuandika tarajio linalokubaliana na kosa lenyewe, na utapata rangi ya kijani, alama ya jaribio lililopita, mahali pasipostahili. Mimi humpa maelezo ya kazi kwa maneno, bila msimbo, na kumwomba anipendekezee kanuni. Kisha mwamuzi ninabaki mimi.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Ikiwa ndiyo kwanza unaanza kuandika majaribio, au timu yako ina wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, shika jedwali. Kila mtu atalisoma, na tabia ya kuandika majaribio itakomaa kabla hamjaenda mbele. Jiwekee sharti la kuweka angalau safu moja yenye namba isiyogawanyika na moja tupu.

Ikiwa umekabidhiwa mfumo wa miaka minane ambao aliyeuandika ameshaondoka, anza na nakala kwenye matokeo makubwa, kisha ndipo uguse chochote. Usisahihishe makosa unayoyaona siku hiyo. Yahifadhi kwanza yalivyo, uyarekebishe moja moja, na kila mara nakala ikuonyeshe umegusa kile ulichokusudia tu.

Ikiwa unaandika maktaba itakayotumiwa na watu usiowajua, au unashughulika na tarehe, saa za kanda mbalimbali na maandishi ya lugha nyingi, kanuni zitakulipa haraka. Watumiaji wako watakuletea data ambayo hukuwahi kuiota.

Ikiwa kazi yako kubwa ni kuunganisha mifumo ya watu wengine, kama malipo ya simu, ujumbe mfupi au benki, hakuna kati ya hizi itakayokuambia kama upande wa pili unajibu. Tenga hesabu zako na mawasiliano, zipime hesabu kwa mojawapo ya njia hizi, na mawasiliano uyapime kwenye mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, mara chache na kwa uangalifu.

Na ikiwa programu yako inagawa fedha za watu, sioni namna ya kushika njia moja tu. Ile ya kikundi sasa ina kanuni mbili juu ya `gawa`, jedwali la safu tano ambalo safu yake ya kwanza ni shilingi moja kwa hisa `[1, 1]`, na nakala moja ya karatasi nzima. Kila Novemba naichapa nakala hiyo na kumpelekea mama. Hujumlisha kwa kalamu, hurudia, kisha huweka sahihi yake pembeni.